Bibi Juu ya Dashibodi

Utingo wangu alikuwa na umri wa kunizaa, na alikataa kukaa mbele. Si kwamba nafasi ilikosekana. Kiti cha mbele cha lile lori kilibeba watu watatu na kuku, na mvua ikinyesha kila abiria alikililia. Yeye alipanda juu ya magunia, akajifunika turubai, akaloa, kwa sababu mbele, juu ya dashibodi, bibi yangu alikuwa anasimulia hadithi mchana.

"Dereva," aliniambia siku ya kwanza, ameshika mlango, "zima hiyo kwanza, ndipo nipande."

"Nikizima hutasikia alivyovuka mto."

"Nani?"

"Binti asiye na kivuli."

"Mimi kivuli changu ninacho, kinanitosha." Akaufunga mlango kwa nje, akapanda juu.

Ambaye hakuzaliwa kwetu nimweleze. Kwetu Buha, nchi ya Waha, hadithi ni za jioni, jua likishazama na ng'ombe wakishafungiwa. Anayesimulia mchana atageuka mjusi. Tuliambiwa hivyo kabla hatujajua kuhesabu vidole. Sababu yake hata mtoto anaiona: mchana ni wa jembe, na bibi akianza kisa saa nne asubuhi hakuna atakayepalilia. Lakini sababu ni kitu kimoja na woga ni kitu kingine. Nimewaona watu wazima, wenye saa mkononi na cheti cha ubatizo kabatini, wakiombwa kisa cha sungura mchana wanatazama jua kwanza, kisha wanasema, "Ngoja jioni."

Mimi sikungoja. Na mpaka leo ukiniuliza, nitakujibu vilevile nilivyowajibu wao.

Nilikuwa na darasa la saba, leseni ambayo bado ilinukia upya, na kichwa ambacho mama alisema kimejaa upepo. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa Kasulu. Tulipeleka Kibondo chumvi, sabuni na vitenge, mara nyingine tukafika hadi Mabamba mpakani, na kurudi tulibeba maharage na mahindi, na juu ya magunia akina mama wa sokoni na vikapu vyao. Barabara ile kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Masika ni utelezi wa bamia. Mtu anaendesha tangu alfajiri, mikono imekufa ganzi, na hana wa kuongea naye ila injini.

Ile redio-kaseti niliachiwa na daktari mgeni. Mkataba wake uliisha, nikampeleka na masanduku yake hadi stesheni ya Kigoma, na pale kwenye garimoshi akaitazama redio aliyoishika, akanitazama mimi, akanipa. Akanipa na kanda zake zote. Zilikuwa za muziki wa filimbi, filimbi tupu, hakuna hata ngoma moja. Nilizisikiliza kwa heshima kwa muda, kisha nikawaza: hizi zinaweza kubeba kitu kingine.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Makere. Alikuwa na hadithi moja ambayo hakuna mjukuu aliyewahi kuisikia yote, kwa kuwa kila mmoja wetu alilala njiani. Ilikuwa ya binti aliyezaliwa bila kivuli, kwa sababu wingu lilipita juu ya kitanda siku ile ile na kuiba kivuli chake. Alipokua akaondoka kwenda kukitafuta. Akapita nchi ya watu wanaolala wamesimama. Akapita mlima unaohama usiku na kurudi asubuhi ukihema. Akakutana na fahali mwenye ziwa kati ya pembe zake, na katika ziwa lile mna wavuvi ambao hawajui kwamba wako juu ya ng'ombe. Jamani. Hadithi kama hiyo utaiachaje ife?

Maana ilikuwa inakufa. Tulikuwa tumeshahamishiwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule, na jioni zilikuwa na wenyewe. Jioni mkutano, jioni ngumbaru, jioni aliye na redio anafungulia taarifa ya habari. Bibi aliwasha moto wake, akaketi, na aliyekuja ni paka. Sikulaumu ngumbaru, mama yangu alijifunza kuandika jina lake humo, na siku ile alilia. Lakini niliona wivu kwa niaba ya bibi.

Nilipoenda kumrekodi mara ya kwanza nilifanya kosa la mtu aliyesoma kidogo. Nilitaka sauti safi. Nikafunga mlango, nikaweka redio juu ya kinu kilichogeuzwa, nikamwambia, "Haya bibi, sema," na mimi nikanyamaza hata pumzi nikaibana.

Bibi akaanza vizuri. Alipofika pale wingu linapochungulia dirishani akauliza, kama wasimulizi wetu wote wanavyouliza, "Mko?"

Nikanyamaza. Nisije nikaharibu kanda.

"Mko?"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu, nikimwonyesha redio kwa kidole.

"Amelala," bibi akaiambia redio. "Tutaendelea kesho." Akasimama, akaenda zake kulala.

Kwetu ndivyo ilivyo. Msimulizi akiuliza na hakuna aliyeitika, hadithi inafungwa hapo hapo. Asiyeitika amelala, na huwezi kumsimulia aliyelala. Kanda yangu ya kwanza ilikuwa na mwanzo wa hadithi, kisha mlango ukilia, kisha filimbi za daktari zilizokuwepo tangu mwanzo.

Safari ya pili nikakusanya watu: jirani yake mmoja, mama aliyekimbia kutoka Burundi na kubaki, pamoja na watoto wake na wa nyumba mbili tatu. Nikawapa kazi moja tu, kuitika. Bibi akiuliza "Mko?" wote wanajibu "Ego," yaani ndiyo, kwa Kiha na kwa Kirundi, hapo hatugombani. Ilichukua jioni nyingi, kwa kuwa nilipita Makere kila nilipopata mzigo. Bibi alinoga. Alipata tena watu wa kuwatisha. Mimi aliniita mume wake, kama bibi zetu wanavyotutania, akawaambia watoto, "Huyu mume wangu ni wa ajabu, anataka nimsimulie hata nikiwa sipo."

Jioni ya mwisho ya kurekodi watoto walikuwa wametoka kuvuna, wamechoka. Binti alikuwa amefika penyewe kabisa, kwenye bonde vinapofungiwa vivuli vilivyoibwa, na mlinzi wake amesimama mlangoni. Bibi akauliza, "Mko?" Kwenye kanda unasikia mtoto mmoja akikoroma na kuni ikipasuka. Mimi nilikuwa nje nahangaika na tairi. Mama jirani alikuwa amesinzia na mtoto mgongoni. Bibi akafunga hadithi. Filimbi zikaingia.

Sikupata tena jioni ya kuwakusanya wote, kwa hiyo nilikuwa na hadithi nzima kasoro mwisho, nayo nikaipandisha juu ya dashibodi, nikaifunga na mpira wa tairi isianguke, nikaendesha nayo.

Nikuambie ilivyokuwa. Unatoka Kasulu asubuhi, ukungu umekaa mabondeni, na sauti ya bibi inakuambia mlima umerudi unahema. Unatazama mkono wa kulia, na mlima uko pale pale, una jasho. Nilikuwa naupita kwa jicho la pembeni, nikipunguza mwendo. Ng'ombe wa pembe ndefu wakikatiza barabara sikupiga honi, nisije nikamwaga ziwa la mtu. Bibi akiuliza "Mko?" watoto wanaitika ndani ya redio, na mimi naitika nao kwa sauti kubwa, peke yangu, usukani mkononi. Usingizi haukunipata tena. Betri zikilegea, bibi alianza kunguruma kama katekista mwenye mafua, na binti asiye na kivuli akawa mwanamume mzito anayesikitika. Betri hazikupatikana kirahisi miaka ile, basi mchana tukipumzika nilizianika juu ya boneti zipate nguvu, na utingo alizipita kwa mbali kama anapita mayai ya nyoka.

"Mzee," nilimuuliza siku moja, "nani atageuka mjusi? Bibi alisimulia jioni. Mimi sisimulii, nasikiliza."

"Basi mashine."

"Mashine ikigeuka mjusi nitaibandika ukutani."

Akina mama juu ya magunia wakacheka. Yeye hakucheka. "Cheka," akaniambia. "Wewe bado una mama. Mimi nina watoto wa kulisha, na gari hili ndilo shamba langu."

Hapo sikumjibu kwa utani. Nilimpenda mzee yule. Lakini sikuzima.

Mwezi wa mvua tukazama. Ilikuwa kabla ya daraja la Malagarasi, mahali ambapo kila lori la njia ile limewahi kuzama, hata yale ambayo hayajawahi kusikia hadithi. Gurudumu la nyuma likaingia hadi kwenye ekseli. Tukakata matawi, tukachimba, tukapakua magunia na kuyapakia, na chumvi ya pembeni ikaloa. Tukalala hapo. Hakuna aliyeumia. Lakini tuliporudi Kasulu habari ilikuwa imefika mbele yetu, sijui kwa mguu gani: lori la hadithi za mchana limezama.

Tajiri aliniita dukani kwake. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, na aliongea huku akipima chumvi.

"Kijana, mimi mambo ya mijusi siyaamini."

"Asante, tajiri."

"Ngoja. Mimi siyaamini, wateja wangu wanayaamini. Kuna akina mama wamehamishia mizigo yao gari lingine. Kwa hiyo kuna ufunguo hapa na kuna kanda hapo. Chagua."

"Nachagua vyote."

Akaacha kupima. "Umesema?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia. "Tajiri, mchana naendesha. Jioni nafika Kibondo nalala kama gogo. Nikirudi kwa bibi jioni, watu wako mkutanoni. Basi hadithi nizisikilize saa ngapi? Wazee walikatazana mchana kwa sababu jioni walikuwa nayo. Mimi sina. Hili lori ndilo moto wangu wa jioni. Gari nimelizamisha mimi, kwa sababu nilipita kushoto badala ya kulia. Nikate mshahara kwa hilo. Bibi yangu hakushika usukani."

Aliweka kipimo cha chumvi chini. Kisha akasema neno ambalo tajiri asiye Muha asingelifikiria. "Mwenye hadithi ni nani? Wewe?"

"Bibi."

"Basi mlete. Akisema mbele ya abiria wangu kwamba hakuna neno, endelea. Akisema lipo, huo ufunguo unauacha juu ya meza hii. Utingo atakuwa shahidi."

Nilitoka nimefurahi mpaka nilipofika nusu ya njia ya Makere. Ndipo nikakumbuka kwamba bibi hajui. Hakuna siku aliyoniuliza nasikiliza saa ngapi, na mimi hakuna siku niliyomwambia. Kama angesema neno lipo, nisingeweza hata kumbishia. Tajiri unaweza kumjibu. Bibi je?

Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Ungo ukasimama hewani.

"Kwa hiyo umekuwa unanitoa nje mchana."

"Ndiyo, bibi."

"Barabarani."

"Ndiyo."

"Mbele za watu, na hukuniuliza kama nimevaa vizuri." Akauweka ungo chini. Sikujua kama ni hasira au ni utani, na nadhani hata yeye hakuwa ameamua. Akaniuliza, "Wanaitika?"

"Nani?"

"Watu. Nikiuliza."

"Mimi naitika. Wale wa juu sijui. Utingo hataki kusikia."

Mtama uliomwagika kuku walikuwa wanaumaliza. "Mdogo wangu yuko Kibondo," akasema mwishowe. "Sijamwona tangu tuhamishwe. Kesho nitapanda. Nikasikie mwenyewe unavyonitumia, ndipo nitasema neno langu. Na usinibembeleze njiani."

Alikuja amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Utingo alimsalimu kwa magoti nusu, akampandisha, akamfungia mlango taratibu kama anafunga kabati la vyombo, kisha yeye akaenda juu kama kawaida. Akina mama walikuwa juu, wachache, waliobaki. Kioo cha nyuma cha lile lori kilivunjika zamani, na pale nilikuwa nimeweka kipande cha gunia. Asubuhi ile nililikuta gunia halipo. Nikadhani upepo.

Niliweka kanda ya mwisho, kwa kuwa ndiyo aliyoitaka. Bibi hakuwa amewahi kujisikia. Alishika kiti kwa mikono miwili. Sauti yake ikatoka, na yeye akaitazama redio kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa nguo zake. Baada ya muda akaanza kutikisa kichwa. Baadaye akawa anairekebisha: "Hapana, hapo nilisahau chura." Baadaye zaidi akanyamaza, akawa anasikiliza kama sisi tulivyomsikiliza tukiwa wadogo, mdomo wazi kidogo. Nilitamani sana kusema kitu. Nilikuwa nimekatazwa kubembeleza, nikabadilisha gia.

Tulikaribia Malagarasi jua likiwa utosini. Mahali tulipozama palikuwa pamekauka, alama za magurudumu zimebaki kama makovu. Nikapita kulia. Na kwenye redio binti alikuwa amefika kwenye bonde la vivuli, mlinzi amesimama mlangoni, na sauti ya bibi ikauliza, "Mko?"

Mtoto akakoroma. Kuni ikapasuka.

Nilifungua mdomo niitike, lakini juu ya kichwa changu kishindo kikanitangulia. Mtu alikuwa anapiga paa la lori kwa ngumi.

"Ego!" Ilikuwa sauti ya utingo. "Ego, bibi, tuko! Kila siku inaishia hapa, kisha wanaleta filimbi!"

Na nyuma yake akina mama, wote kwa pamoja, "Ego!"

Filimbi zikaingia. Nikaizima redio. Bibi aligeuka, akaangalia tundu la kioo cha nyuma. Uso wa utingo ulikuwa pale, umepinduliwa, juu chini, amelala kifudifudi juu ya magunia.

"Baba," bibi akamuuliza, "umekuwa unasikiliza?"

"Mama, sikusikiliza. Niliketi tu karibu na tundu."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa wale wanaolala wamesimama. Nililiondoa gunia kidogo kidogo."

Nilianza kupunguza mwendo, nitafute mahali pa kusimama ili bibi aseme neno lake mbele ya abiria kama tajiri alivyotaka. Akanipiga bega. "Nani amekuambia usimame? Endesha. Tulifika wapi?"

"Mlangoni," akasema utingo.

"Mama, ni mchana," mmoja wa akina mama juu akasema, kwa kunong'ona kabisa.

"Naona jua, mwanangu, sijapofuka." Bibi akauvuta mkono wa nguo yake, akautazama mkono wake, ule uliokunjamana na wenye mabaka ya uzee. "Ngozi yenyewe imeshafanana na ya mjusi. Anichukue, atapata hasara. Mnaniitikia ama hamniitikii?"

"Ego!"

Basi akasimulia, kwa mdomo wake, saa sita mchana, lori likipanda kutoka mtoni kuelekea Kibondo. Mlinzi alimwonyesha binti vivuli vyote, vimelala vimepangana, vyote vinafanana, akamwambia achague chake, na akikosea yeye mwenyewe atabaki pale awe kivuli. Binti akavitazama. Hakuchagua. Akasema, "Mimi nimetembea mpaka hapa kwa miguu yangu. Aliye wangu anajua ninavyotembea." Akamgeuzia mlinzi mgongo, akaondoka bila kuangalia nyuma. Akatembea, akatembea, mlima ukampisha, fahali akainamisha ziwa anywe. Na jua lilipochomoza akasikia nyuma yake kitu kinaburuzika, kimechoka, kinakimbilia miguu yake.

Sijui kama ndivyo hadithi ilivyoishia kwa wazee waliomsimulia yeye. Nilimuuliza baadaye, akasema, "Uliza redio yako." Redio haikuwa imerekodi. Betri nilizihifadhi, kurekodi nikasahau, nilikuwa nalia na kuendesha, na vyote viwili vinataka macho.

Kibondo sokoni utingo aliruka chini wa kwanza, akamshusha bibi kwa mikono miwili. Wateja waliotuhama walikuwa pale, wanatazama viatu vya bibi, nadhani wanatafuta mkia. Bibi akawasalimu, "Mwiliwe," akawapita, akaenda kumtafuta mdogo wake.

Kasulu tajiri alimuuliza shahidi wake. Mimi nilisimama na ufunguo kiganjani, nimeubana.

"Bibi alisema nini?"

Utingo alifikiri. "Alisema mengi, tajiri. Yalituchukua kutoka Malagarasi hadi Kibondo."

"Kuna neno, au hakuna?"

"Neno lipo moja," akasema mzee yule, nami nikaanza kuuweka ufunguo mezani. "Huko juu hatusikii vizuri. Kuanzia kesho mimi nakaa mbele."